Amplifaya ya Mashindano ya Besi: Mafundi Wanajibu Wasomaji

Swali: Mafundi, salaam. Nataka kuingia mashindano ya magari yenye besi kubwa zaidi, nami nimewekewa mezani amplifaya mbili za gari za chaneli moja. Ya kwanza imeandikwa wati 5000 na ina fyuzi mbili za ampea 30. Ya pili imeandikwa wati 1500 za RMS (nguvu ya kuendelea, si ya kilele) kwa omu 1 (kipimo cha ukinzani wa spika), na kitabu chake kinataka fyuzi ya ampea 150. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua ya pili, na usibabaishwe na namba iliyochapwa juu ya bati. Amplifaya haiwezi kutoa nguvu ambayo haikuipokea. Zidisha volti kwa ampea za fyuzi, kisha zidisha kwa 0.8, maana amplifaya nzuri ya daraja la D (aina isiyopoteza umeme mwingi) hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya umeme kwa joto. Ya kwanza: 13.8 × 60 × 0.8 ni kama wati 660. Ya pili: 13.8 × 150 × 0.8 ni kama wati 1650. Ni kweli kwamba fyuzi huvumilia kuzidiwa kwa sekunde chache, lakini haivumilii mara saba.

Tazama pia matundu ya kuingizia waya. Amplifaya inayodai wati 3000 halafu tundu lake halipokei hata waya wa milimita mraba 50, inajisema yenyewe. Kisha soma kitabu: RMS ilipimwa kwa volti ngapi, kwa omu ngapi, na upotofu wa sauti ulikuwa asilimia ngapi? Kipimo cha CTA-2006, kiwango cha kupimia nguvu za amplifaya za gari, hutumia volti 14.4, omu 4 na upotofu usiozidi asilimia 1. Mtengenezaji anayetaja masharti hayo anastahili kuaminiwa kuliko anayeandika "nguvu ya juu kabisa" na kuishia hapo.

Swali: Ndugu wahariri, nina amplifaya ya wati 3000 kwa omu 1. Nikipiga toni ya mashindano (sauti moja ya besi isiyobadilika), volti kwenye amplifaya zinashuka hadi 10.9 na mara nyingine taa nyekundu inawaka, sauti inakatika. Alteneta, kifaa cha kuzalisha umeme wa gari, ni ya kiwandani, ampea 90. Nimeshauriwa nifunge kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) ya faradi 1, wengine wanasema ninunue amplifaya kubwa zaidi. Nifuate lipi?

Jibu: Usifuate lolote kati ya hayo. Amplifaya kubwa zaidi kwenye umeme huu itaongeza njaa tu. Tupige hesabu. Wati 3000 zikitoka, takriban wati 4000 zimeingia. Kwa volti 12.5 hizo ni ampea 320. Alteneta yako inatoa 90, na sehemu yake inaliwa na injini, taa na feni. Zinazobaki zote zinachotwa kwenye betri.

Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12 hutoa jouli 32 hivi. Mzigo wa wati 4000 huzimaliza kwa sehemu ya mia moja ya sekunde, nawe toni yako ni ya sekunde 3 hadi 5. Fedha hiyo iweke kwenye betri.

Kabla ya kununua chochote, tafuta volti zinapotelea wapi. Injini ikiwa inanguruma na toni inapigwa, pima hivi:

1. Volti kwenye vichwa vya betri.
2. Volti kwenye amplifaya, chanya na hasi.
3. Kati ya chanya ya betri na chanya ya amplifaya. Unganisha ncha ya mita na waya mwembamba mrefu. Haubebi mzigo wowote.
4. Kati ya hasi ya betri na hasi ya amplifaya.

Tuseme betri inasoma 11.9 na amplifaya 10.9: volti moja imepotea njiani. Kipimo cha tatu kikitoa 0.3 na cha nne 0.7, mwizi ni upande wa hasi, na ndiko anakojificha mara nyingi. Boliti ya mkanda wa usalama au skrubu iliyokaa juu ya rangi haifai. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tumia boliti ya M8 yenye nati na washa ya meno, kisha paka grisi kuzuia kutu. Kwa ampea zaidi ya 200 sisi tunapendelea kuvuta waya wa hasi hadi kwenye betri, tusitegemee bodi peke yake.

Waya nao una hesabu zake. Shaba tupu ya milimita mraba 50, urefu wa mita 5, hupoteza kama nusu volti kwa ampea 300, na hapo ni upande mmoja tu. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba wa unene huohuo hupoteza kama volti 0.8. Waya mbili sambamba hupunguza hasara kwa nusu. Kila waya wa chanya uwe na fyuzi yake ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na kama kuna betri ya pili kwenye buti, fyuzi ikae karibu na kila betri, kwa sababu waya ukigusa bati utalishwa kutoka pande zote mbili. Fyuzi hiyo inalinda waya usishike moto. Amplifaya ina ulinzi wake. Ndiyo maana ukubwa wa fyuzi hiyo hufuata waya.

Sasa betri. Betri ya risasi, hata ile nzuri ya AGM (ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo), hutulia kwenye volti 12.8 hivi na mzigo mkubwa huishusha zaidi. Ya lithiamu fosfeti ya seli nne hutulia karibu na 13.3 na haiyumbi haraka. Amplifaya nyingi za mashindano hazidhibiti volti zake za ndani, hivyo nguvu hufuata mraba wa volti: ukitoka 10.9 hadi 13.3 umepata takriban asilimia 49 zaidi, yaani desibeli 1.7, kwa amplifaya ileile uliyonayo. Lakini lithiamu usiiweke chumba cha injini penye joto, na usiiache imeungana moja kwa moja na betri ya risasi gari likiwa limezimwa. Itaendelea kuimwagia chaji mpaka iishiwe. Weka swichi ya kuzitenganisha.

Swali: Nina sabufa (spika za besi) mbili, kila moja ina koili mbili za omu 2. Nimeziunga zote sambamba, ni omu 0.5. Amplifaya yangu mwisho wake ni omu 1. Wenzangu wanasema niwashe tu kwa sababu omu hupanda zikiwa ndani ya boksi. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli kwamba hupanda, lakini hazipandi sawasawa kwa kila toni. Kwenye boksi lenye tundu, karibu na toni ambayo boksi limetegwa, omu hushuka tena na kukaribia ukinzani halisi wa koili. Kipande kimoja cha muziki kikipita hapo kwa sauti kubwa, transista za amplifaya zimekwenda.

Pima kabla ya kuamua. Kwa kuwa 0.5 ni hatari kwako, unga kwanza kwa omu 2: koili za kila sabufa kwa mfululizo, kisha sabufa mbili sambamba. Kwa koili ulizonazo, omu 1 haipatikani kwa muungano wowote wa koili zote nne. Wanaoitaka kwa sabufa mbili hununua zenye koili za omu 1 au omu 4. Piga toni safi kwa sauti ya wastani kuanzia hezi 30 hadi 60, ukipanda hezi 2 kila mara. Mita moja isome volti za AC kwenye waya za sabufa, mita ya kubana (inayoshika waya kwa nje bila kuukata) isome ampea za AC kwenye waya mmoja. Gawanya volti kwa ampea. Volti 40 kwa ampea 8 ni omu 5. Muungano wa 0.5 utakuwa robo ya hapo, yaani 1.25, kwa toni hiyo. Sauti ikiongezeka koili hupata joto na omu hupanda kidogo, lakini usiliwekee dhamana jambo hilo.

Namba ya omu iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayolinda amplifaya. Omu za toni unayoshindania ndizo zinazochagua amplifaya. Mfano, amplifaya ya wati 3000 kwa omu 1 husukuma volti 55 hivi. Ikikutana na omu 2.5 hutoa wati 1200 tu. Wengi hulalamika amplifaya ni dhaifu, kumbe hawakuwahi kuipa mzigo iliyouzwa nao.

Swali: Geini, kile kitufe cha kuzungusha kwenye amplifaya, niifungue mpaka mwisho?

Jibu: Hapana. Geini hulinganisha volti za redio na amplifaya, haiongezi wati. Ondoa sabufa, zima nyongeza zote za besi, piga toni ya hezi 50 na redio ikiwa kwenye robo tatu, kisha fungua geini mpaka mita isome kipeuo cha pili cha wati mara omu: kwa wati 1500 na omu 1 ni volti 38.7. Hiyo ni hatua ya kwanza. Umeme ukishuka chini ya mzigo, vilele vya wimbi la sauti vitakatwa mapema zaidi, kwa hiyo malizia na osiloskopu (kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi) sabufa zikiwa zimeungwa. Wimbi lililokatwa kabisa lina nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kilele hichohicho, na koili ndiyo inayoungua. Ukisikia harufu ya gundi, simama.

Swali: Nina wati 1500. Niongeze amplifaya ya pili pacha niziunganishe?

Jibu: Kuzidisha wati mara mbili ni desibeli 3 kwa hesabu, na pungufu kwa vitendo, maana koili zenye joto hula sehemu yake. Kwanza tafuta toni ya gari lako kwa hatua ya hezi 1, milango imefungwa, nawe uko nje ukitumia rimoti, masikio yamezibwa. Geuza boksi litazame nyuma, kisha mbele, ziba mianya, kaza kila bati linalotetemeka. Soma pia kanuni za daraja lako, usije ukasukumwa kwa wenye magari makubwa kuliko lako.

Ukishamaliza hayo na bado unaitaka, ziwe modeli moja yenye kifaa cha kuziunganisha, moja ikiwa kiongozi. Kila amplifaya huona nusu ya omu za mzigo, kwa hiyo mbili za omu 1 zinahitaji sabufa zisizopungua omu 2. Waya wa sabufa usiguse bodi ya gari mahali popote, na volti upime tena upya kwa vipimo vinne tulivyoeleza juu.