Kosa la dirisha moja kutokea dirisha jengine

Ndugu wa Mkoani, umeuliza kwa nini maktaba yako ya C ya tiketi za boti humwonesha karani wa dirisha la pili kosa lililotokea dirisha la kwanza. Sababu ni kile kigeu cha pamoja, `kosa_la_mwisho`: nyuzi zote (njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) zinakiandikia, na maandishi ya mwisho ndiyo yanayosomwa. Kukitia kufuli, yaani kuruhusu uzi mmoja tu kukigusa kwa wakati mmoja, hakutoshi, kwani baina ya kuandika na kusoma uzi mwengine hupita ukafuta.

Kila fanksheni irejeshe namba: 0 ni salama, hasi ni kosa. Maelezo yaandike kwa `snprintf` kwenye bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kuwekea maandishi) anayoileta mwitaji, yaani msimbo unaoiita fanksheni. Baiti 256 zatosha. Njia hii naipendelea hasa. Kama saini za zamani za fanksheni (vigezo vyake na inachorejesha) hazibadiliki, tangulize `_Thread_local` (C11) kwenye kigeu ili kila uzi uwe na nakala yake, lakini kazi ikihamia uzi mwengine kosa hubaki nyuma.

Nakili `errno`, namba ya kosa iliyowekwa na mfumo, papo hapo, kabla ya `close` au kuandika logi, maana nazo huweza kuibadilisha. `strerror`, inayogeuza namba hiyo kuwa maandishi, iache, kwani si lazima iwe salama nyuzi zikiwa nyingi; tumia `strerror_r`. Angalia toleo: la POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) hurejesha namba, la GNU (maktaba ya C ya glibc) hurejesha anwani ya maandishi, ambayo si lazima iwe ndani ya bafa yako.