Swali la Lugha: Mzalia ni mzaliwa?

SWALI: Naandika habari za ukoo wetu wa Pemba tangu enzi za watumwa kwenye mashamba ya karafuu. Wazee wanataja "wazalia", "vijakazi" na "suria wa babu". Je, mzalia ndiye mzaliwa? Na naweza kuandika "watumishi wa nyumbani" na "mke mdogo" ili nisimuudhi mtu? (Msomaji, Wete)

JIBU: Mzaliwa ni yeyote: mzaliwa wa Wete, mzaliwa wa Tanga. Mzalia, kwa walivyolitumia watu wa mashamba, ni mtumwa aliyezaliwa papo hapo mikononi mwa bwana, tofauti na aliyeletwa karibuni kutoka bara. Huyo mgeni aliitwa mjinga, neno hilihili tulijualo, kwa kuwa hajajua lugha wala desturi. Mzalia alikua na Kiswahili kinywani na dini ya nyumba ile. Kwa hiyo ukiandika "babu alikuwa na wazaliwa wengi", umepoteza habari yote.

Kijakazi ni mtumwa wa kike. Wa kiume ni mtwana. Upatanisho wake ni wa mtu: kijakazi huyu alitwanga, vijakazi hawa waliteka maji, wakalea watoto wa bibi yao. Akitaka kuolewa, idhini ilikuwa ya bwana. Akizaa na mtwana wa shamba jirani, mtoto alikuwa mali ya bwana wa mama, na baba hakuwa na la kusema. Mtumishi hulipwa, na akichoka hufunga virago akaenda zake. Usimwite kijakazi mtumishi, tafadhali.

Suria ndiye anayehitaji uangalifu zaidi. Ni mtumwa ambaye bwana alimweka kinyumba kwa haki ya kummiliki, bila nikaha na bila mahari. Mke mdogo ameozwa, suria hakuulizwa. Lakini mtoto aliyemzalia bwana, akikubaliwa na baba yake, alikuwa huru na alirithi pamoja na watoto wa mke wa nikaha. Mama huyo hakuruhusiwa kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Ndiyo maana katika ua mmoja mtoto wa kijakazi na mtoto wa suria waliweza kula sinia moja, huyu mali, yule mrithi. Hata kwa masultani ilikuwa hivyo: Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja 1844, binti wa Sultani Seyyid Said, mama yake alikuwa suria.

Sheria nayo iliwatenga. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 1897 iliwapa watumwa wa Unguja na Pemba njia ya kudai uhuru wao, lakini masuria waliachwa nje hadi 1909. Ukimwita mke mdogo, wajukuu hawatajua kwamba uhuru uliopita mlangoni kwa wengine haukumgusa yeye kwa miaka 12.

Basi andika wazi, "alikuwa suria wa babu", na kama wazee wanalikumbuka jina lake, litangulize: jina kwanza, hali baadaye. Wazalia na vijakazi vivyo hivyo. Msichana anayekusaidia kazi nyumbani leo, huyo ndiye usimwite kijakazi hata kwa utani. Ni mfanyakazi wa nyumbani.