Jezi za Besiboli Zilizovaliwa Uwanjani: Maswali ya Wasomaji

Swali: Inawezekanaje jezi moja kuukuu ifikie bei ya jumba la kifahari?

Jibu: Bila shaka unaizungumzia ile ya Babe Ruth, nyota wa zamani wa timu ya New York Yankees, iliyouzwa mnadani nchini Marekani mwezi Agosti 2024 kwa zaidi ya dola milioni 24. Aliivaa tarehe 1 Oktoba 1932 mjini Chicago, katika mchezo wa tatu wa mfululizo wa fainali, aliponyoosha mkono na kisha kuupiga mpira ukavuka uzio wa eneo la kuchezea, na mpaka leo watu hubishana kama alikuwa akionyesha mahali utakapoangukia au akiwajibu tu wapinzani waliokuwa wakimzomea. Mwaka 2005 jezi hiyohiyo iliuzwa kwa dola 940,000. Ni kweli kwamba soko limepanda tangu wakati huo, lakini kilichoongezeka zaidi ni ushahidi, kwa kuwa wataalamu waliilinganisha na picha za siku ile wakaridhika kuwa ndiyo yenyewe.

Swali: Hulinganisha nini hasa?

Jibu: Hutazama mahali herufi zilipokaa kuhusiana na vifungo, jinsi mistari inavyokutana kwenye mishono, pamoja na viraka na madoa, kwa sababu hata jezi mbili zilizoshonwa na fundi mmoja hazifanani kabisa. Picha ikiwa na ukungu, mtaalamu mwaminifu husema haitoshi, na mimi humwamini zaidi huyo kuliko yule asiyekosa jibu.

Swali: Nauziwa jezi mpya yenye stika ya hologramu, ile inayometameta. Je, ninunue?

Jibu: Tangu mwaka 2001 ligi kuu ya Marekani huweka mashahidi viwanjani, wengi wao wakiwa askari polisi wastaafu au walio nje ya zamu, ambao hubandika stika yenye namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya ligi. Ihakiki, kisha soma maelezo neno kwa neno: jezi iliyoandaliwa kwa ajili ya mchezaji si lazima awe aliivaa, na wauzaji wajanja hupenda kuupitia mwanya huo.

Swali: Niifue?

Jibu: Hapana, kwani tope na jasho ni sehemu ya ushahidi. Ilaze mahali pakavu pasipo na jua, na ikiwa ni ya sufu, kama zilivyokuwa nyingi kabla ya timu ya Pittsburgh Pirates kuanza kuvaa kitambaa cha kisasa mwaka 1970, ilinde dhidi ya nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo.