Maswali ya Wasomaji: Kanda za Mwanzo za Merzbow

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikiliza albamu ya Pulse Demon ya Mjapani anayejiita Merzbow. Tangu mwanzo hadi mwisho nilisikia ngurumo moja isiyokatika, nikashindwa kuitenga sehemu moja na nyingine. Rafiki yangu ananiambia kwamba kazi zake za miaka ya mwanzo hazikuwa hivyo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nianzie wapi? Msomaji wenu.

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amesema kweli. Albamu uliyoisikiliza ilitoka mwaka 1996, wakati Masami Akita, ambaye ndiye mwenye jina hilo la Merzbow, alikuwa ameshafanya muziki huu wa kelele, yaani muziki unaoundwa kwa kelele zenyewe, kwa zaidi ya miaka 15 na kuifikisha kwenye ukali wake wa juu. Anayeanzia hapo anakutana na matokeo bila kuiona njia iliyoyafikia, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya wengi waamini kwamba muziki huu hauna mpangilio wowote.

Akita alizaliwa Tokyo mwaka 1956, akasomea sanaa ya uchoraji katika Chuo Kikuu cha Tamagawa, na alipoanzisha Merzbow mwaka 1979 alilichukua jina hilo kutoka Merzbau, kazi ya msanii Mjerumani Kurt Schwitters, aliyevigeuza vyumba vya nyumba yake mjini Hannover kuwa sanaa kwa kuvijaza vitu alivyoviokota na kuviunganisha, mpaka mabomu ya vita yakaiteketeza nyumba hiyo mwaka 1943. Ukilishika jambo hilo, kanda za mwanzo zitaanza kukufungukia, kwa sababu Akita alikuwa akifanya kwa sauti yale ambayo Schwitters aliyafanya kwa karatasi zilizochanika na vipande vya mbao. Alikwaruza vyuma, akapiga ngoma, akachokoa nyuzi za gitaa, akakata utepe wa kurekodia sauti na kuuunga upya ili kipande kimoja kijirudie, akaongeza na ule mlio mkali unaozuka kipaza sauti kinapoelekezwa kwenye spika yake chenyewe. Hakuwa peke yake. Kwa miaka mingi ya kipindi hicho alishirikiana na Kiyoshi Mizutani.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na Metal Acoustic Music na Remblandt Assemblage, zote mbili zikiwa za mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1980. Humo bado unaweza kulitambua tendo lililoizaa sauti: hapa mkono umegusa chuma, pale utepe umeongezwa kasi, kisha pakafuata utulivu mfupi ambao katika Pulse Demon usingeupata. Sauti ni hafifu na zina mchakacho wa kanda, nami sioni hilo kuwa kasoro, kwa kuwa kanda yenyewe ilikuwa sehemu ya kazi. Akita alizitoa kupitia lebo yake mwenyewe ya kutolea muziki, Lowest Music & Arts, na zilisambaa kwa posta kati ya wasanii wa nchi mbalimbali waliokuwa wakibadilishana kazi zao bila kupitia kampuni kubwa za muziki. Kaseti ilikuwa rahisi kunakili nyumbani na nyepesi kutuma, na bila chombo hicho sidhani kama muziki huu ungevuka mipaka ya Japani mapema namna hiyo.

Baada ya hapo kuna mfululizo wa kanda 10 uitwao Collection, wa mwaka 1981, ambao unaweza kuuonja kidogo tu kwa sasa. Mwaka 1983 ilitoka santuri ya Material Action 2 N.A.M., na mwaka uliofuata Akita akaanzisha lebo nyingine, ZSF Produkt.

Kazi ya kipindi hicho ninayoipenda kuliko zote ni Batztoutai with Memorial Gadgets, santuri mbili zilizotolewa mwaka 1986 na RRRecords ya Marekani. Vipande vya sauti vinagongana, vinakatizwa kabla sikio halijavizoea, halafu vinarudi vikiwa vimeharibiwa kwa namna nyingine; msikilizaji mvumilivu atagundua kwamba kila ukatizaji umepimwa. Isikilize kwa kikao kimoja, kisha urudie Pulse Demon, nawe utaanza kuzisikia tabaka ndani ya ile ngurumo iliyokushinda.

SWALI LA NYONGEZA: Kanda hizo za zamani zinapatikana vipi leo, na ni lazima zisikilizwe kwa sauti ya juu?

JIBU: Mwaka 2000 lebo ya Extreme ya Australia ilikusanya kazi zake katika Merzbox, sanduku la CD 50, ambamo zimo pia rekodi za mwaka 1979 na nyingine ambazo hazikuwa zimewahi kutolewa. Si lazima ulitafute sanduku zima, kwa kuwa kazi kadhaa za mwanzo zimetolewa upya moja moja na nyingine zinauzwa kwenye intaneti. Kuhusu sauti, kanda hizi hazihitaji kupaazwa, kwani uhondo wake umo katika mikwaruzo midogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kiwango cha sauti cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mpenzi wa muziki wa kelele anapaswa kuuzingatia ushauri huo kuliko msikilizaji mwingine yeyote.