Re: Anasali kila siku, mishahara halipi

Mkuu, umeuliza bosi mcha Mungu anawezaje kukalia mishahara ya watu. Wengi wetu hatutendi tunachoamini kwa sababu ya haraka tu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Darley na Batson walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa theolojia wa Princeton, Marekani. Wakiwa njiani kwenda kutoa hotuba, waliwekewa mtu kajikunja mlangoni, anakohoa na kuguna. Walioharakishwa sana, 10% tu walitoa msaada. Wasio na haraka, 63%. Na baadhi walikuwa wanakwenda kuzungumzia Msamaria Mwema, wakamruka mgonjwa! Ila bosi wako (samahani) hana haraka yoyote, anajua anachofanya. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kamsomee hiyo, tena mbele ya wenzake wa ibada.