Kitosani imenitolea mabonge badala ya jeli, nimekosea wapi?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Niko maabara, tunatafuta jeli ya kuziba maji yanayoingia kwenye visima vya mafuta, na bosi anataka tuachane na kromiamu tutumie krosilinka (kile kinachofunga minyororo ya polima pamoja iwe jeli) ya asili. Nikayeyusha kitosani, ile ya magamba ya kamba na kaa, kwenye asidi asetiki, nikamimina kwenye poliakrilamaidi (polima yetu, yaani molekuli za mnyororo mrefu) ileile tunayotumiaga na kromiamu, papo hapo yakatoka mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Chupa ya pili nikaweka poliakrilamaidi isiyo na chaji, hiyo haikukatika ila imekaa kwenye ovena nyuzi 40 siku tatu na bado inamwagika tu. Hii kitosani inafanya kazi kweli au ni stori za kwenye makaratasi?

JIBU: Salama mkuu. Inafanya kazi, watu wa Halliburton, kampuni ya huduma za visima vya mafuta, walishaandika kuhusu kitosani na poliakrilamaidi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shida ni kwamba umeitumia kama kromiamu nyingine, na hizi mbili hata hazifanani.

Tuanze na mabonge. Polima mnayotumia na kromiamu imehidrolaiziwa, yaani baadhi ya amaidi zake (vikundi vyenye nitrojeni kwenye mnyororo) zimegeuka kaboksili, vikundi vyenye chaji hasi, na lazima iwe hivyo maana kromiamu inashika kwenye hizo kaboksili. Sasa kitosani ikiyeyuka kwenye asidi, amini zake (vikundi vyake vya nitrojeni) zinabeba chaji chanya, ukiimimina pale hasi na chanya zinashikana saa hiyohiyo, zinafukuza maji, zinazama chini. Hakuna krosilinki ya kweli hapo, ni chaji tu zimeshikana, na hata uchemshe vipi halitarudi kuwa jeli. Dawa yake ni polima isiyohidrolaiziwa, kama ya chupa ya pili, kwa hiyo hapo ulikuwa unaelekea kuzuri bila kujua.

Chupa ya pili tatizo ni joto. Ili itoe jeli, kitosani haitegemei kaboksili kama kromiamu, amini yake inaenda kushambulia amaidi ya polima, inakaa mahali pake na amonia inatoka, kwa hiyo unapata bondi ya kovalenti (atomi zimeungana moja kwa moja) ambayo ni ngumu na inavumilia joto kuliko ule mshiko wa kromiamu, lakini kuitengeneza kunataka moto, na nyuzi 40 ni baridi sana kwa kazi hiyo. Panda 80 au 90 ndio uanze kuihukumu. Na kama kisima chenu chenyewe kina nyuzi 40 basi nakwambia ukweli, baki na kromiamu asetati. Watu wanaiogopa kwa jina tu, ile yenye sumu kali inayosababisha kansa ni kromiamu sita, hii ya kwenye asetati ni kromiamu tatu.

Halafu kuna mtego wa pH ambao ndio unanifanya nisiisifie sana kitosani. Amini ikiwa imebeba protoni, ndiyo ile chaji chanya, haishambulii kitu, inatakiwa iwe huru, na ili iwe huru pH ipande, lakini ikifika karibu 6.5 kitosani yenyewe inaanza kutoka kwenye maji. Yaani inapoyeyuka vizuri haina hamu ya kureakti, na inapotaka kureakti haitaki kuyeyuka! Ndio maana maji ya kisima yenye bikaboneti nyingi, zinazopandisha pH, yanaiharibu, salfeti nayo inaizamisha, na mwamba wa chokaa ndio kabisa, unakula asidi yako njiani na kitosani inaganda mlangoni kwa kisima kabla haijaingia ndani unakotaka izibe. Kwenye mchanga una nafasi nzuri zaidi.

Kitu kingine ni unene. Minyororo ya kitosani ni mirefu, ukizidisha asilimia moja au mbili inakuwa nzito hadi pampu inalalamika, kwa hiyo huwezi kuongeza krosilinka kiholela kama mnavyofanya na polietilenimini, krosilinka ya viwandani. Wanaoitaka iwe nyingi wanaikatakata kwanza kwa kuioksidaizi ili iwe fupi. Na muulize muuzaji kiwango cha diasetilesheni (amini ngapi zimefunguliwa kwenye mnyororo) kwa kila mzigo, maana inatoka kwenye magamba ya kamba na kaa, mzigo huu na ule havifanani hata kama lebo ni moja.

Najua utaniuliza za asili nyingine. Tanini ya mimea inaweza kukaa badala ya fenoli kwenye krosilinka za fenoli na aldehidi ila bado inahitaji aldehidi, hapo bosi atakuwa amefurahia nusu. Jenipini, krosilinka ya tunda la gardenia, ni nzuri kwa amini tu, kwenye poliakrilamaidi tupu haina pa kushika, na bei yake sio ya kumwaga kisimani.

Rudia na polima isiyo na chaji, maji safi kwanza, nyuzi 90, chupa zifungwe vizuri, uangalie kila siku kwa herufi za Sydansk, A (hakuna jeli) mpaka J (jeli ngumu kabisa). Ikipita hapo ndio uingize maji ya kisima, na kabla ya hapo nitumie pH yake na bikaboneti niziangalie.