RTX 3060 kwenye OptiPlex 9020

Umeuliza kama kadi ya picha ya RTX 3060 itaenda kwenye kompyuta yako ya Dell OptiPlex 9020. Hapana yaya, haitaenda jinsi mashine ilivyo. RTX 3060 inakula wati 170 na Nvidia, wenye kuitengeneza, wanataka pawa saplai (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 550; hiyo 9020 yako, hata ile kubwa ya kusimama, inatoka na 290. Nimefungua kadhaa hapa Birere, Goma, waya wa kuchomeka kwenye kadi hamna kabisa. Kubadili pawa saplai inawezekana, ila bodi (ubao mkuu wa ndani) ya Dell ina plagi ya umeme ya pini 8 badala ya 24, kwa hiyo adapta lazima. Mimi ningechukua kadi ya GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme: wati 75, inavuta umeme kwenye bodi yenyewe. Kama kasha lako ni jembamba, pima kwanza kimo cha kadi uone kama itaingia.